Faili la Mhadhiri

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kenya ilikuwa imeridhia mkataba huohuo mwaka 2008, na Katiba yake ya 2010, katika ibara ya 54, ikatamka waziwazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia lugha ya alama, breli au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo vinavyotokana na hali yake. Kwenye karatasi, basi, haki ipo. Linalobaki ni kujua nani hasa anaitekeleza siku ya Jumanne saa nne asubuhi, katika ukumbi wenye wanafunzi mia tano. Jibu la sura hii ni kwamba mtekelezaji mkuu ni mhadhiri wa kawaida, yule wa uchumi, sheria au baiolojia ambaye hajawahi kusomea elimu maalumu, na kwamba anaitekeleza haki hiyo au anaivunja usiku wa kuamkia kipindi, anapoandaa faili atakalowatumia wanafunzi wake. Mafunzo tunayowapa wahadhiri kuhusu ulemavu na teknolojia mara nyingi hayafiki kwenye faili hilo. Ndiyo maana vifaa vinanunuliwa, sera zinaandikwa, na bado mwanafunzi asiyeona anazunguka bwenini jioni akitafuta mwenzake wa kumsomea.

Tulitazame faili lenyewe kwa karibu. Kitini cha kozi katika vyuo vyetu mara nyingi huanzia steshenari: sura ya kitabu cha zamani inatolewa fotokopi, fotokopi inapigwa skani, kisha skani inawekwa kwenye mfumo wa kozi au inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa ikiwa PDF. Kwa jicho, hayo ni maandishi. Kwa kompyuta ni picha ya maandishi, na picha haina herufi hata moja ndani yake. Mwanafunzi asiyeona anapoifungua kwa kisomaskrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye kioo, programu humtangazia kwamba ukurasa hauna kitu. Kurasa arobaini za kozi ya lazima zinakuwa kimya kitupu. Ipo teknolojia ya kutambua herufi ndani ya picha, na husaidia nakala inapokuwa safi. Lakini kwenye fotokopi ya fotokopi, yenye mistari iliyopinda na kivuli cha mgongo wa kitabu, hutoa maneno yaliyovurugika, huunganisha safu mbili za ukurasa zikawa sentensi moja isiyoeleweka, na namba za jedwali huziacha hazijulikani ni za nini. Baya zaidi, mwanafunzi hawezi kujua programu imekosea wapi, kwa kuwa hana nakala nyingine ya kulinganishia.

Faili ambalo mhadhiri amelichapa mwenyewe lina afadhali, ila nalo lina mitego yake. Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuunda kisomaskrini cha NVDA mwaka 2006, akajiunga naye James Teh, naye asiyeona, na hadi leo programu hiyo hutolewa bure. Msomaji wa NVDA anaweza kuruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine kwa kubonyeza herufi H, kama vile mwenye kuona anavyopitisha macho juu ya ukurasa akitafuta sehemu anayoitaka. Lakini programu inakitambua kichwa pale tu mwandishi alipotumia mtindo wa kichwa uliomo ndani ya Word. Mhadhiri aliyekoleza wino na kukuza herufi ametengeneza kitu kinachoonekana kama kichwa. Kwa programu hiyo ni sentensi kama sentensi nyingine. Tofauti kati ya mafaili hayo mawili ni kubonyeza mara moja kwa kila kichwa. Kwa anayesikiliza, ni tofauti kati ya kuufikia ukurasa wa 32 papo hapo na kuusikiliza mhadhara mzima tangu neno la kwanza kila anapotaka kurudia fasili moja.

Kisha liko kundi la WhatsApp, ambalo ndilo ofisi halisi ya darasa katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki. Ratiba ya mtihani inapigwa picha ubaoni, kiongozi wa darasa anaituma, na kila mtu anajua chumba na saa isipokuwa asiyeona. Mhadhiri mwenye haraka anarekodi ujumbe wa sauti wa dakika sita akieleza namna ya kufanya kazi ya wiki, na kila mtu anaelewa isipokuwa kiziwi. Hakuna aliyekusudia kumtenga mtu, na ni kosa kuwahukumu watu hawa kama wakatili. Mistari minne ya maandishi chini ya picha ingetosha, na muhtasari uliochapwa chini ya sauti ungetosha. Kilichokosekana ni mazoea, na mazoea hufundishika.

Hapa wasomaji wengi watauliza kuhusu vifaa, na wana haki ya kuuliza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Mashine ya nukta nundu ni ghali, shimesikio ni ghali, na kompyuta mpakato yenyewe ni mzigo kwa mtoto wa mkulima. Vyuo vinapaswa kuendelea kununua vifaa hivi. Lakini sehemu kubwa ya teknolojia ninayoizungumzia tayari iko mfukoni mwa mwanafunzi. Simu nyingi za Android huja na kisomaskrini cha TalkBack. Mashine ya sauti ya eSpeak, inayotumiwa na NVDA, inasoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ngumu inayohitaji mazoea. Vyote hivyo ni bure, na vyote vinashindwa mbele ya picha ya fotokopi. Chuo kinaweza kujenga maabara ya vifaa saidizi na kuijaza kompyuta mpya. Kama mafaili yanayoingia humo ni picha, kimenunua mashine za kusoma kurasa tupu. Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya HEET, mradi wa kuimarisha elimu ya juu. Katika uwekezaji wa ukubwa huo, kumfundisha mhadhiri kutengeneza faili linalosomeka ni gharama ndogo mno, na pasipo hiyo kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kitatumika nusunusu.

Kwa nini basi mhadhiri hajui? Kwa sababu hakuna aliyemfundisha, na namna tunavyompata haikudai ajue. Mwalimu wa sekondari amepita chuo cha ualimu au shahada ya elimu. Amefanya mazoezi ya kufundisha na kusahihishwa. Mhadhiri wa chuo kikuu nchini Tanzania huajiriwa kwanza kwa alama zake: kuingia ngazi ya mhadhiri msaidizi mwanafunzi hudai GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza. Kigezo hicho kinapima aliyefaulu somo, hakipimi anayeweza kulifundisha, sembuse kulifundisha kwa mwanafunzi asiyesikia. Akishaajiriwa, ngazi anapanda kwa machapisho. Mtu anaweza kufika uprofesa bila kuambiwa hata mara moja kwamba PDF yake haisomeki.

Chuo kinapoamua kuziba pengo hilo, kwa kawaida huitisha semina. Ni siku mbili, kuna mgeni rasmi, kuna posho ya nauli. Mada ya kwanza inaeleza aina za ulemavu, ya pili inaeleza sheria na sera, ya tatu inaonyesha picha za vifaa. Washiriki wanatoka wakiwa wameguswa kweli, na Jumatatu wanarudi kwenye mafaili yaleyale. Mantiki ya semina hizi ni kwamba tukibadilisha mtazamo wa mhadhiri, matendo yatafuata. Mwaka 1986 Thomas Guskey, mtafiti Mmarekani wa mafunzo ya walimu, alitoa hoja kwamba mpangilio huo umegeuzwa: mwalimu hujaribu kwanza jambo jipya, huona wanafunzi wake wakifanya vizuri zaidi, na imani yake hubadilika baada ya hapo. Wenzake Bruce Joyce na Beverly Showers walionyesha katika miaka hiyohiyo ya 1980 kwamba nadharia na maonyesho peke yake mara chache hufika darasani. Kinachovifikisha ni mazoezi yanayorudiwa na mtu wa kumfuatilia mwalimu akiwa kazini. Waliwachunguza walimu wa shule, na chuo kikuu kina mambo yake. Hata hivyo hoja yao inaeleza vizuri kuliko nyingine kile tunachokiona: uhamasishaji mwingi, mabadiliko machache.

Mafunzo ninayoyatetea yanaanza upande wa pili. Mhadhiri anakuja na faili lake mwenyewe, lile la wiki ijayo, na haji na jingine. Kwenye kompyuta iliyo mbele yake NVDA inawashwa na kioo kinazimwa. Anaambiwa atafute, kwa masikio tu, swali la pili la zoezi alilolitunga mwenyewe. Katika dakika chache atakuwa ameelewa jambo ambalo mada tatu za ukumbini hazikumfikishia, kwa sababu kinachoshindikana ni kazi yake mwenyewe na anajua kilipaswa kusema nini. Baada ya hapo anakaa na kulirekebisha: anaweka mitindo ya vichwa, anaandika maelezo mafupi ya kila picha, anaipa safu ya juu ya jedwali alama ya kuwa ndiyo kichwa cha jedwali. Anawasha NVDA tena na kusikiliza. Anatoka chumbani na faili lililo tayari kutumika kesho, yaani mafunzo yamempunguzia kazi ya wiki badala ya kumwongezea.

Mkufunzi wa kipindi hicho anapaswa kuwa mwanafunzi au mhitimu anayetumia teknolojia hiyo kila siku, naye alipwe kwa kiwango kilekile anacholipwa mtaalamu mwingine yeyote. Nasisitiza malipo. Wanafunzi wenye ulemavu wamezoea kuitwa kwenye semina kutoa ushuhuda, kupigiwa makofi na kurudishwa bwenini na soda. Ujuzi wa kuendesha kisomaskrini kwa kasi, wa kujua mara moja kwa nini faili fulani limekataa, ni utaalamu ambao wahadhiri wengi hawana. Mhadhiri anapofundishwa na mwanafunzi huyo, hubadilika pia namna anavyomwona: jana alikuwa mtu wa kusaidiwa, leo ndiye anayejua.

Baada ya hapo mafunzo lazima yagawanyike kwa fani, na hapa ndipo pana kazi kubwa zaidi. Mhadhiri wa hisabati hafaidiki sana na somo la vichwa vya habari. Tatizo lake ni fomula. Fomula iliyobandikwa kama picha ni shimo katikati ya sentensi, wakati ile iliyoandikwa kwa kihariri cha milinganyo cha Word inaweza kusomwa kipande kwa kipande, mara nyingine kwa kuongeza programu ndogo ya bure. PDF zinazotokana na programu ya LaTeX, ambazo wanahisabati wanazipenda kwa uzuri wake, kwa desturi hutoka bila muundo ambao kisomaskrini kinauhitaji, kwa hiyo mhadhiri huyo anapaswa kufundishwa kutoa toleo la pili. Mhadhiri wa sheria ana hukumu ndefu zilizopigwa skani. Mhadhiri wa jiografia ana ramani, na ramani haitoshelezwi na sentensi moja ya maelezo. Lazima aamue ni nini hasa alitaka mwanafunzi akione humo. Uamuzi huo ni wa kitaaluma, na hakuna fundi wa TEHAMA anayeweza kumfanyia.

Kwa wanafunzi viziwi hali ni nyingine kabisa. Manukuu ya kujiendesha kwenye video na mikutano ya mtandaoni yamekuwa bora sana kwa Kiingereza, lakini kwa kawaida yanaitegemea lugha iliyochaguliwa mwanzoni. Mhadhiri wetu huanza sentensi kwa Kiingereza, akaifafanua kwa Kiswahili, akarudi kwenye Kiingereza, na manukuu yanajaa maneno yasiyo na uhusiano. Anapaswa kuijua tabia hiyo ya mashine, ajifunze kuyasahihisha manukuu kabla ya kuiweka video, na kipindi kinapokuwa mubashara aandike istilahi mpya kwenye slaidi. Tena kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania anayasoma manukuu ya Kiingereza kama lugha ya tatu. Kwake teknolojia haiwezi kuchukua nafasi ya mkalimani, na mafunzo yanayomwacha mhadhiri akiamini kwamba programu imemaliza kazi yatakuwa yamemdhuru mwanafunzi. Jambo dogo lenye manufaa makubwa ni kumtumia mkalimani slaidi siku moja kabla, maana hawezi kufasiri vizuri istilahi za biokemia anazozisikia kwa mara ya kwanza.

Kuna pia mambo ambayo ni ya kujua kitufe kilipo tu. Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya ukanda huu, unamruhusu mhadhiri kumwongezea mwanafunzi mmoja muda wa jaribio bila kuwagusa wengine. Mhadhiri asiyejua hilo humwambia mwanafunzi mwenye uoni hafifu kwamba mfumo haukubali, akisema hivyo kwa nia njema kabisa. Kwa wanafunzi wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, slaidi zikitumwa kabla ya kipindi zinafunguliwa kwenye simu na kukuzwa, na projekta iliyofifishwa na mwanga wa dirishani haiwi tena tatizo lao.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba wanafunzi hawa ni wachache, na si busara kubadilisha kazi ya wahadhiri elfu moja kwa ajili ya wanafunzi sitini. Hoja hii inastahili jibu la makini. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Ya Kenya ya 2019 ilikuta asilimia 2.2 kwa wenye miaka 5 na zaidi. Pengo hilo kati ya majirani linatokana zaidi na namna ya kuuliza na kuhesabu kuliko na miili ya watu. Linatuonya pia kuhusu takwimu za udahili: chuo kinawahesabu waliojitangaza. Mwenye usikivu hafifu anayekaa mstari wa mbele kimya, au mwenye shida ya kusoma ambayo haijawahi kupewa jina, hayumo katika orodha. Na tujiulize kwa nini waliodahiliwa ni wachache. Idadi ndogo kwa sehemu ni matokeo ya vizuizi vilevile tunavyovijadili, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kuviacha. Isitoshe, faida haibaki kwao. Mwaka 2015 mwanasaikolojia Morton Ann Gernsbacher alikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 100 kuhusu manukuu ya video, akaonyesha kwamba yanawasaidia kuelewa na kukumbuka hata wanaosikia vizuri, hasa wanaotazama video katika lugha isiyo yao ya kwanza. Takriban kila mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania anasoma kwa lugha isiyo yake ya kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba kitengo cha elimu maalumu kipo, na hiyo ndiyo kazi yake. Vitengo hivi vinafanya kazi kubwa, na bila vitengo hivyo wengi wasingehitimu. Lakini kitengo chenye watumishi wachache hakiwezi kugeuza kila kitini cha kila kozi, na kinapogeuza hukipokea kitini wiki ya tatu na kukirudisha wiki ya sita, wakati jaribio lilikuwa wiki ya tano. Mafunzo ya wahadhiri yanakirudishia kitengo muda wake kwa kazi ambazo kweli zinahitaji wataalamu: nukta nundu, michoro ya kugusa, ukalimani.

Pingamizi la tatu ni la kitaaluma: wapo watafiti wanaosema kwamba ushahidi wa nadharia ya usanifu wa ujifunzaji kwa wote, inayotaka somo lipangwe tangu mwanzo limfae kila mwanafunzi na iliyoenezwa na taasisi ya CAST ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1984, bado ni mwembamba, na kwamba haijathibitika kuwa inapandisha ufaulu wa kila mtu. Nakubali kuna mjadala, na hoja yangu haiutegemei. Kudai kwamba mwanafunzi aliyesajiliwa aweze kuusoma ukurasa aliopewa hakuhitaji nadharia ya ujifunzaji. Ni sharti linalotangulia ujifunzaji wowote.

Uzito wa kazi ni pingamizi gumu zaidi, kwa kuwa ni la kweli. Mhadhiri mwenye madarasa matatu ya mamia ya wanafunzi na rundo la karatasi za kusahihisha hana saa za ziada za kutoa. Kumwongezea wajibu bila kumtambua ni kumwonea, na atautekeleza kwa juujuu. Kwa hiyo naona mzigo huu ni wa menejimenti kabla haujawa wa mhadhiri. Kozi iliyotengenezwa upya ikawa inasomeka na kila mwanafunzi ihesabiwe katika maombi ya kupandishwa cheo, kama inavyohesabiwa makala. Kamati inayopitisha mtaala idai faili moja la mfano na ilisikilize kwa NVDA kabla ya kupiga muhuri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na tume mwenzake ya Kenya zina mamlaka ya kuliweka hilo katika ukaguzi wa ubora. Kazi nayo haijirudii kila mwaka: kitini kilichorekebishwa mara moja kinabaki kimerekebishwa.

Na sasa kuna wanaosema tusubiri, akili unde itayatatua haya yote. Tayari programu zinaeleza picha na kusoma fotokopi vizuri kuliko miaka mitano iliyopita, na wanafunzi wasioona ni miongoni mwa waliozipokea mapema. Lakini programu inayokisia maudhui ya grafu ya uchumi inaweza kubuni namba kwa sauti yenye uhakika, na mwanafunzi ataipeleka namba hiyo kwenye mtihani. Anayejua grafu ile inasema nini ni mhadhiri aliyeichagua. Programu hizo pia zinakula bando na nyingi bora ni za kulipia, kwa hiyo kuzitegemea ni kumhamishia mwanafunzi gharama ya kazi ambayo chuo hakikuifanya. Mwanafunzi aliyeko mwaka wa pili leo hana muda wa kusubiri. Muhula wake umeshaanza.

Mkuu wa idara anayesoma ukurasa huu ana mahali pa kuanzia palipo ndani ya uwezo wake. Achague kozi moja ya lazima ya mwaka wa kwanza, ile yenye wanafunzi wengi kuliko zote. Amlipe mwanafunzi mmoja anayetumia kisomaskrini aipitie, wiki ya kwanza hadi ya mwisho, mbele ya wahadhiri wanaoifundisha, na marekebisho yafanyike hapohapo mezani. Afanye hivyo kabla ya muhula ujao kufunguliwa.